Mafiga

Stima ilipopotea Umoja yote
watu walisonya, jenereta la kinyozi likaanza kukohoa,
nami nikapanda orofa sita nikipapasa ukuta,
darubini shingoni, daftari kwapani,
nikimshukuru kimoyomoyo panya aliyetafuna waya.

Juu huku pana matangi meusi ya maji,
kamba za nguo, soksi moja iliyosahauliwa tangu Jumanne,
na Kyengo wa chumba namba kumi na tisa,
fundi wa saa River Road,
ambaye hana imani na saa ya mtu mwingine.
"Dakika mbili," anasema. "Usipumulie kioo."

Darubini yenyewe niliipata Gikomba
chini ya rundo la mabegi ya shule:
saba kwa hamsini, jicho la kulia lina ukungu
kama jicho la mbuzi mzee,
na ubavuni mtu amekwaruza herufi R. O.
Sijui R. O. alikuwa akitazama nini.
Ndege wa Naivasha? Farasi wa Ngong,
na pesa zake zikikimbia nao?

Saa moja na dakika kumi na saba.
Upande wa magharibi, juu ya wekundu wa mwisho,
hakuna kitu.
Hakuna kitu.
Ndege ya Wilson inapita ikipepesa macho, si hiyo;
kisha, kwenye giza nililokwisha kulikagua,
tatu.

Hazipepesi. Hazina sauti.
Nukta tatu hafifu, moja mbele, mbili nyuma kidogo,
pembetatu inayoteleza juu ya paa za watu
bila kukunja kona hata moja.
Nyota zinaingia katikati yake, zinatoka,
kama majirani wanaokatiza uani bila kubisha hodi.
"Umezipata? Umezipata?"
Nikifungua mdomo mikono itatikisika.

Kyengo amesikia kwamba zinasikiliza meli,
kwamba zinajua nahodha gani ananong'ona bahari gani.
Labda. Mimi naona mafiga.
Mafiga matatu ya jiko la mama, kule Nguutani,
lile la pili likiwa na ufa
tukaligeuza ufa ukatazama ukuta, wageni wasiuone.
Jiko lilibomolewa mwaka tulipomletea gesi.
Mawe hayakuondolewa, hakuna aliyeona sababu.
Yapo hadi leo katikati ya mihindi,
yananyeshewa, yameachana kwa nafasi ileile.
Walitufundisha kwamba figa moja haliinjiki chungu.
Hawakutuambia matatu hufanya nini
chungu kikishaondoka.

"Na hakuna kamba," Kyengo anasema sikioni mwangu.
"Kila moja inaanguka kivyake.
Ila zinaanguka kwa mwendo mmoja."
(Hilo nililirudia baadaye, nikiosha vyombo,
hadi maji yakapoa.)

Zinapita chini ya Kilimia, zinaelekea Thika,
na hapo kivuli cha dunia kinazipokea:
ya mbele inafifia
kama mshumaa uliozibwa na kiganja,
kisha ya pili. Ya tatu
inabaki peke yake kwa muda wa kutamka jina,
na mimi nalitamka,
halafu giza linakuwa giza tu.

"Sasa!" nasema. Kyengo anabana saa.

Na kama iliyokuwa ikingoja ruhusa, stima inarudi.
Mtaa mzima unapiga ukelele, jenereta linanyamaza,
televisheni zinaendelea na ugomvi wao,
na mbingu inafungwa, pu,
kwa mfuniko wa rangi ya chungwa.

Kyengo anaandika polepole, mwandiko wa fundi,
kila tarakimu na kiti chake.
"Ulisema nini," anauliza bila kuinua kichwa,
"kabla ya kusema sasa?"

Andika muda, namwambia. Andika tatu.
Naitoa ile soksi kwenye kamba,
imekauka hadi imekuwa ngumu,
nashuka nayo nikiuliza mlango kwa mlango
ni ya nani.